Wanaorudi Nani Atawahesabu?

Ndugu msikilizaji, wahenga wa pwani walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hiyo ni ya mabaharia. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni mle chini tumboni mwa jahazi ambamo maji huvujia na lazima yatekwe. Baharia atarandaranda juu atakavyo, lakini mwisho wake ni kuteremka ngamani kuteka maji. Sisi watu wa bara, ambao wengine wetu hata kuogelea hatujui, tumeiazima methali hiyo tukaifanya yetu, nasi huitumia kusema kwamba kila msafiri mwishowe hurudi kwao.

Je, ni kweli kwamba kila msafiri hurudi? Na yule anayerudi, nani humhesabu? Hayo ndiyo nitakayozungumza nawe juma hili.

Nianze na yangu mwenyewe. Mwaka 2023, katika siku za mwisho za mwezi Mei, nilikuwa mmoja wa watu 31 waliotoka Mumias, magharibi mwa Kenya, kwenda Namugongo nchini Uganda kwa miguu. Ni mwendo wa zaidi ya kilometa 200. Kila mwaka ifikapo tarehe 3 Juni, Wakristo wa Kikatoliki na wa Kianglikana hukusanyika Namugongo, nje kidogo ya jiji la Kampala, kuwakumbuka mashahidi wa Uganda. Wako wanaokwenda kwa magari, na wako wanaokwenda kwa miguu kutoka pande zote za Uganda, na hata kutoka Kenya, Tanzania na Rwanda. Sisi tulikuwa watu wa miguu.

Asubuhi ile tulipoondoka, kiongozi wetu alisimama na daftari akaita majina, mmoja mmoja, kila mtu akiitika. Wake kwa waume, vijana kwa wazee, 31 kamili. Tukaombewa, tukapungiwa mikono, tukashika njia ya Busia. Miongoni mwetu alikuwamo mzee mmoja jirani yangu, mtu wa miaka 70 na ushei, mwenye fimbo, mfuko wa kitambaa na dumu tupu la lita tano. Dumu hilo, alituambia, ni la kuletea maji ya Namugongo nyumbani kwa mkewe, ambaye magoti hayamruhusu kwenda mwenyewe.

Sasa, ndugu msikilizaji, hebu tuyaache hayo kidogo turudi nyuma miaka zaidi ya 130, maana hatukuwa wa kwanza kutoka Mumias kwa miguu tukielekea Uganda kwa mambo ya dini.

Mwezi Julai mwaka 1885, Askofu James Hannington, Mwingereza wa Kanisa la Kianglikana, aliondoka Rabai karibu na Mombasa akiwa na wapagazi wapatao 200. Alitaka kufika Buganda kwa njia ya mkato kupitia nchi ya Wamasai, badala ya ile njia ndefu ya zamani ya kusini iliyopita Tabora. Mwezi Oktoba msafara ulifika kwa Nabongo Mumia, mahali ambapo watu wa misafara ya pwani walipaita Kwa Sundu, kwa jina la Shiundu, babake Mumia. Ndiko Mumias ya leo. Hapo askofu aliugawa msafara wake. Alichukua watu 50 hivi akaendelea mbele nao, na wengine wapatao 150 akawaacha pale Mumias chini ya William Jones.

Huyu Jones simulizi nyingi humtaja kwa mstari mmoja tu, nami naomba tumpe zaidi ya mstari. Alikuwa Mwafrika aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akalelewa na kusomeshwa India karibu na Bombay, kisha akarudishwa pwani yetu mwaka 1864 kufanya kazi ya misheni huko Rabai. Mwaka ule ule wa 1885 Hannington alimpa daraja la ushemasi. Ni mtu aliyejua maana ya kuchukuliwa kwenu usirudi, na ni yeye aliyeachwa Mumias kungoja.

Askofu hakujua jambo moja. Huko Buganda, Kabaka Mwanga, kijana aliyerithi kiti mwaka 1884, alikuwa na hofu. Habari za Wajerumani kunyakua ardhi kwenye mwambao zilikuwa zimemfikia. Isitoshe, Waganda walikuwa na imani ya siku nyingi kwamba watakaoimeza nchi yao watatokea mashariki, kupitia Busoga. Wageni waliotoka kusini kwa kuvuka ziwa walivumilika. Aliyetoka mashariki alionekana kama mtu anayeingia nyumba ya watu kwa mlango wa nyuma. Hannington alikamatwa Busoga kwa chifu Luba tarehe 21 Oktoba 1885. Amri ikatoka kwa Kabaka, na tarehe 29 Oktoba akauawa, pamoja na karibu wapagazi wake wote. Kati ya wale 50, walioponyoka walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Kifo hicho ndicho kilichofungua mlango wa vifo vingine. Joseph Mukasa Balikuddembe, msimamizi wa vijana wa ikulu, alimlaumu Kabaka kwa kumwua askofu, naye akauawa tarehe 15 Novemba mwaka huo huo. Mei 1886 hukumu ikatolewa pale Munyonyo, na vijana wa ikulu waliokataa kuikana dini yao wakafungwa kamba wakaongozwa kwa miguu hadi Namugongo. Wengine waliuawa njiani, miongoni mwao Ponsiano Ngondwe, Atanasi Bazzekuketta na Gonzaga Gonza. Charles Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Kwa jumla, mashahidi wanaokumbukwa kwa majina, waliouawa kati ya 1885 na 1887, ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Wale 22 walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964.

Basi kila mguu wetu ulipokanyaga Busoga, mimi nilikuwa nikimfikiria Hannington na wale wapagazi. Tulitembea alfajiri kabla jua halijakuwa kali, tukapumzika adhuhuri chini ya miembe, tukaendelea jioni. Tulilala madarasani na makanisani. Wanawake wa Busoga walituletea uji na viazi vitamu bila kutuuliza sisi ni wa kabila gani. Malori ya mizigo ya kutoka Mombasa yalitupita yakitumwagia vumbi, na mvua ilipokuja ilitumwagia matope. Ngozi za nyayo zikapata malengelenge, yakapasuka, yakaota tena.

Karibu na Iganga, mzee wetu akaanza kuchechemea. Alikuwa na ugonjwa wa sukari na hakuwa amemwambia mtu. Lengelenge la kidole cha mguu lilikuwa limegeuka kidonda, na mguu umevimba hadi kwenye goti. Tulimpeleka hospitali, akalazwa. Kijana mmoja alibaki naye. Mzee mwenyewe alinikabidhi mfuko wake na lile dumu, akaniambia, "Nendeni. Usisahau maji ya mama yenu." Kiongozi alimpigia simu mwanawe mmoja aliye Nairobi. Mwana akasema ni sawa, atashughulikia. Tukaenda.

Baada ya siku mbili yule kijana alipanda taksi, maana Uganda matatu huitwa taksi, akatukuta njiani. Alisema mzee anaendelea vizuri na kwamba yeye asingependa kuikosa sikukuu. Hakuna aliyemkemea. Mimi nami sikumkemea.

Tuliuvuka mto Nile pale Jinja. Tulipita msitu wa Mabira, tukanusa kuku na gonja za kuchoma za wachuuzi wa Namawojjolo huku mifuko yetu ikiwa haina kitu. Tarehe 1 Juni tukaingia Namugongo tukiimba. Nani asiyejua furaha ya kufika? Watu wasiojuana walikumbatiana. Nililia, na sioni haya kukiri hilo.

Usiku ule, katikati ya umati wa watu waliolala nje juu ya mikeka na makatoni, nilikaa nikawaza jambo moja. Haya yote tunayoyajua juu ya siku ile ya 3 Juni 1886, tumeyajuaje? Mashahidi walikufa, na wauaji hawakuwa waandishi. Jibu ni kwamba walikuwapo waliorudi. Vijana watatu wa ikulu, Denis Kamyuka, Simeon Sebuta na Charles Werabe, walipelekwa pale Namugongo pamoja na wenzao, na dakika za mwisho wakaachwa hai. Kamyuka aliishi miaka mingi baadaye, na ushahidi wake ni mojawapo ya nguzo ambazo historia ya Namugongo imesimama juu yake. Bila aliyerudi kusema, anayekufa hufa mara mbili.

Niliwaza hayo, nikajiona mwenye hekima. Kumbe hekima yenyewe ilikuwa ya mdomoni tu, kama nitakavyokueleza.

Sikukuu ilipokwisha tarehe 3, kila mtu alitaka jambo moja tu, kurudi nyumbani. Unajua hali ya mtu aliyemaliza kazi kubwa. Kwenda tulitumia siku tisa tukiombeana na kubebeana mizigo. Kurudi tulikodi basi, tukapanda kwa kusukumana, kila mtu akigombea kiti cha dirishani. Kiongozi alikuwa amechoka. Lile daftari halikutoka mfukoni. Hakuna aliyeita majina, na hakuna aliyeuliza kwa nini hayaitwi. Basi liliondoka usiku. Mimi nililala kabla ya Mukono, mfuko wa mzee ukiwa mto wangu wa kichwa na dumu lake, sasa limejaa, kati ya miguu yangu. Nilizinduka Busia tulipoteremka kugongewa mihuri mpakani. Iganga tulikuwa tumeipita wakati fulani usiku, watu wote tukiwa usingizini. Hospitali aliyolazwa yule mzee haikuwa mbali na barabara.

Tulifika Mumias kumepambazuka. Jamaa zetu walikuwa wamejaa kituoni. Binti yangu mdogo alinirukia kabla sijamaliza kushuka ngazi, na mke wangu akacheka alipoona nilivyokonda. Katika kicheko hicho nikamwona mama mmoja amesimama pembeni, ameshika chupa ya chai na kikombe kimoja kilichofungwa kwa leso. Hakuwa akitutazama sisi. Alikuwa akitazama mlango wa basi. Watu waliteremka mmoja mmoja, yeye akimtazama kila mmoja usoni, mpaka akateremka utingo na mlango ukafungwa.

Ndipo akaniona nimeshika ule mfuko.

"Mwanangu," akaniuliza, "na mzee wangu?"

Ndugu msikilizaji, mwana yule wa Nairobi hakuwa amemwambia mamake, kwa kuwa hakutaka kumtia hofu. Nasi tulidhani amemwambia. Katika watu 30 tulioteremka kwenye basi lile, mimi ndiye niliyekuwa na mfuko, basi mimi ndiye niliyejibu. Nilimweleza pale pale kituoni, huku binti yangu amenishika shingo. Mama yule hakupiga kelele. Aliketi juu ya jiwe, akaniuliza swali moja tu: "Mlipopita hapo, mlimwona?"

Sikuwa na jibu.

Naam, hapo ndipo nilipomkumbuka tena William Jones. Nimekuambia kwamba aliachwa papa hapa Mumias mwaka 1885 akiwa na wapagazi 150. Alingoja wiki baada ya wiki. Badala ya askofu, wakafika wale wachache walioponyoka Busoga, na habari zao. Ilibidi Jones awakusanye watu wake na kuwarudisha pwani, mamia ya kilometa, kwa njia ile ile ya nyika na njaa. Walifika Rabai mapema mwezi Februari 1886. Mbele ya msafara walibeba bendera ya buluu yenye herufi nyeupe zilizosomeka Ichabod, jina la Biblia lenye maana kwamba utukufu umeondoka.

Jones aliandika jina hilo juu ya kitambaa ili Rabai ijue kabla msafara haujafika mlangoni. Hebu fikiria wale wanawake wa Rabai wameona bendera kwa mbali, hawajui inamhusu nani. Wapagazi wanaingia mstari mmoja, na kila mwanamke anatazama nyuso. Aliyemwona wake ameshukuru. Asiyemwona anaendelea kutazama mpaka mtu wa mwisho. Mimi nilikuwa nimeisoma habari hiyo miaka mingi, nikadhani naielewa. Nimeielewa siku ile kituoni Mumias, kwa mwanamke aliyeshika chupa ya chai.

La kusikitisha ni kwamba historia yetu imewahesabu watu kwa mizani mbili. Mifupa ya Askofu Hannington ilipatikana, ikazikwa kwa heshima Namirembe, Kampala, mwishoni mwa mwaka 1892, na kaburi lake linajulikana. Ni haki yake, sina ugomvi na hilo. Lakini wale wapagazi waliouawa siku ile ile, mahali pale pale, walikuwa nao ni watu wa mtu. Walibeba mizigo ya safari ambayo si wao walioipanga. Katika ibada zote nilizohudhuria, sijapata kusikia majina yao yakisomwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Tunasema "askofu na wapagazi wake", kama vile tunavyosema "gari na tairi zake". Na wale 150 waliorudi salama na Jones, ambao waliwabebea wanawake wa Rabai habari nzito kuliko mzigo wowote wa msafara, hao ndio tumewasahau kabisa, kwa kosa moja tu la kutokufa.

Sasa nimalizie habari ya mzee wetu, maana najua unaningoja. Asubuhi ya pili mimi na mama yule tulipanda gari kwenda Iganga. Sitaki nisifiwe kwa hilo. Mtu hasifiwi kwa kurudia kitu alichokisahau njiani. Tulimkuta amekaa kitandani, amekonda, kidole kimoja cha mguu kimekatwa. Mkewe alimtazama mguu, kisha akamtazama uso, kisha akafungua chupa ya chai. Hawakusemezana neno mpaka kikombe kilipokwisha. Baadaye mzee alinigeukia mimi.

"Maji yangu yako wapi?"

Nikamwambia yako Mumias, salama, hata tone moja halijamwagika. Akatikisa kichwa kuridhika. Tulimrudisha nyumbani siku nne baadaye, na majirani waliimba kama siku ile ya kuondoka, ingawa safari hii mahujaji walikuwa watatu tu, na mmoja wao hakuwa ameiona Namugongo. Mama aliyanyunyiza yale maji mlangoni, naye mzee akaingia akiegemea fimbo yake. Kwa maoni yangu, hija ya mwaka 2023 ilikwisha siku hiyo, tukiwa 31.

Mwaka uliofuata, 2024, kundi letu lilikwenda tena. Mimi sikutembea, lakini niliomba jambo moja katika mkutano wa maandalizi, na likakubaliwa bila ubishi. Majina huitwa Mumias tunapoondoka, na huitwa tena Namugongo kwenye mlango wa basi tunaporudi. Asiyeitika, basi haliondoki mpaka ijulikane yuko wapi, yuko na nani, na nyumbani kwake nani ameambiwa. Inachukua dakika 10 tu. Watu wamechoka, wananung'unika, wanataka kulala. Waache wanung'unike.

Hata wewe, ndugu msikilizaji, unayewasafirisha watu wa kwaya, wa mazishi, wa mpira au wa hija, lile daftari ulilolifungua wakati wa kwenda, lifungue pia wakati wa kurudi. Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, kwaherini.